Usimwajiri Yasmini Wangu

Kwa Ndugu Meneja,
Hoteli ya matofali ya kijivu, nyuma ya Mnara wa Ngoma,
Xi'an, China.

Ndugu Meneja, mwidiwe, ndiyo salamu yetu Waha.

Basi, kama nilivyokuwa nakwambia pale mapokezi kabla dereva hajanikatiza na honi yake, mimi sina ugomvi na wewe. Wewe ni kijana mwenye adabu, na ile siku ya mafuta hukunifokea. Ila nilikuwa ndiyo kwanza nafika kwenye jambo lenyewe, gari likaja, ukaniinamia, na mimi nikainama, mlango ukafungwa, nikajikuta uwanja wa ndege na maneno yangu mdomoni. Nimesafiri nayo mpaka Kasulu. Sasa nayatoa.

Jambo lenyewe ni hili. Umempa binti yangu Yasmini kazi ya mapokezi, miaka mitatu, na yeye anatakiwa akujibu mwisho wa mwezi huu. Nakuomba kwa heshima zote umnyime.

Miaka minne amesoma huko, tukavumilia, tukasema akimaliza anarudi. Nimekuja kwenye mahafali yake, siku tisa, na shida yangu ilikuwa moja tu, kumchukua nirudi naye. Begi lake kubwa nililifunga mwenyewe. Nimerudi na begi bila mtoto. Sasa Asmahani, yule muuza vitenge mwenzangu hapa sokoni, kila nikipita ananiuliza eti mama Yasmini, hivi ulienda kumchukua au ulienda kumpeleka? Na wanacheka mpaka wauza nyanya.

Utanisamehe uandishi wangu, mimi niliishia darasa la tano kule Gwarama. Kwa Kichina ataigeuza Fidele, aliyefanya kazi na Wachina wa barabara. Ukikuta neno kifusi au kokoto mahali lisipohusika, ujue hapo alikosa neno lingine. Malalamiko nimeyapa namba, maana mume wangu Haidari anasema barua isiyo na namba ofisini haisomwi.

1. Yule mtumishi wenu wa magurudumu. Siku ya kwanza Yasmini aliagiza maji, kisha akaenda chuoni kurudisha vitabu. Mara simu ya chumbani inalia, nafungua mlango, simwoni mtu, natazama chini, naona kitu kama pipa la unga, kina macho ya bluu, kimepanda lifti chenyewe. Kikafungua tumbo. Ndani chupa mbili za maji. Nikazitoa.

Sasa Ndugu Meneja, kwetu ukiletewa kitu kwenye chombo, chombo hukirudishi kitupu. Utatia hata chumvi, hata ndimu mbili. Ukirudisha bakuli tupu la jirani, yeye hatasema kitu, lakini wiki hiyo hiyo mtaa mzima unajua, na mimi najua wanajuaje kwa sababu mara nyingi nakuwa nimewaambia mimi. Kwa hiyo nikaweka tumboni mwake karanga vikombe viwili, nilizokaanga kwa mkono wangu. Kikasema maneno yake, kikaondoka.

Nusu saa haijaisha, kimerudi. Karanga zile zile, ziko kwenye mfuko unaong'aa na karatasi juu. Jioni Yasmini akanisomea, eti mgeni mpendwa, umesahau mali yako. Lakini saa ile ningejuaje? Kwetu kurudishiwa chakula ni vita. Nikajiuliza watu hawa nimewakosea nini na hata begi sijafungua. Nikaona labda zilikuwa kidogo. Nikaongeza migebuka miwili mikavu, samaki wa ziwa letu, wanatoa harufu ambayo mtu wa Kigoma akiisikia mbali analia. Ikarudi imefungwa mifuko mitatu. Nikaongeza kitenge. Kikarudi kimepigwa pasi! Hapo nikasema hawa wana kiburi, ngoja niwape kitu ambacho mwenye akili zake hawezi kukirudisha. Nikaweka chupa ya mawese.

Kifuniko hakikukaza. Hilo nilikiri mbele yako na narudia kukiri. Lakini mawese yasingefika kwenye lifti kama mngepokea karanga.

2. Bafu la kioo. Jamani! Chumba kizuri, mbao nzuri, taa zimejificha ukutani utadhani kunakucha muda wote, halafu mahali pa kuogea mmeweka kioo, na kitanda kinatazama humo. Mimi na mwanangu wa kumzaa! Yasmini akiingia kuoga mimi natoka nje kusimama koridoni, mimi nikiingia anatoka yeye. Wageni wengine walidhani nimewekwa pale kwa kazi. Mzee mmoja akaniuliza kwa mikono mahali pa kunywa chai, nikampeleka. Kesho yake akaja na mke wake, nikawapeleka wote wawili. Eti kuna kitufe cha kushusha pazia la bafu. Nimekijua siku ya nane, nikakibonyeza niko ndani, likafunguka la dirishani.

3. Kabatini nimekuta majoho meupe mawili, ndara nyeupe za kitambaa jozi mbili, na bafuni kisanduku cha pamba. Mimi ni Mwislamu, Ndugu Meneja. Nguo nyeupe isiyo na mwenyewe, na pamba pembeni, za watu wawili, na sisi tuko wawili! Nikakaa chini. Nikasoma kila nilichokijua. Yasmini alicheka mpaka akalala sakafuni, anasema mama, hizo ni za kuogea. Nikamwambia hata hiyo nyingine mtu anaoshwa kwanza.

4. Na ninyi wenyewe mnaogopa. Lifti inatoka tatu inaingia tano. Nimeuliza nne iko wapi, naambiwa namba hiyo inawakumbusha kifo, kwa hiyo hamuiweki. Haya. Mnaficha namba isionekane, halafu mnatundika sanda kabatini. Nani amewapangia?

5. Kile kidude cha mezani kinachosikiliza. Siku ya tatu nimekaa kitandani naongea na Asmahani kwa simu, namwambia habari za mke wa Mansuri na lile gari la mchanga, habari ambazo hata hapa siwezi kuziandika. Nimefika penyewe, kidude kikaitika! Kikasema maneno marefu kwa sauti ya mwanamke, na taa ikazimika. Nimeruka. Hata sisi tunasikiliza ya watu, sikatai, lakini msikilizaji anakaa pale ulipo, unamwona, na yeye analeta ya kwake mnabadilishana. Huyu wa kwenu hakuleta kitu. Nilimfunika na taulo siku zote zilizobaki, na simulizi ile sijaimaliza mpaka leo kwa sababu Asmahani ameshaisikia kwa mtu mwingine, na imeharibiwa.

6. Maji ya moto matupu. Kila mahali naletewa maji ya moto, hayana majani, hayana sukari, utadhani mnataka kuninyonyoa manyoya. Hili ni dogo ningeweza kuliacha, ila nimeshaandika namba.

7. Sasa tunakuja kwenye yenyewe. Mei, yule binti wako wa mapokezi. Kila asubuhi wanasimama wanne, wanasema nihao kwa pamoja, basi, wamemaliza! Kwetu hiyo ni kukohoa tu, salamu bado. Nikamfuata Mei, nikamsalimu vile inavyotakiwa, hujambo, za nyumbani, mama mzima, mvua mmepata, mbuzi wamezaa? Akatoa simu yake ya kutafsiri, tukawa tunaongea na simu katikati kama mtoto. Ndiyo akanionyesha picha ya mama yake amesimama kwenye mahindi. Mahindi kabisa, mazuri, kama ya mashamba ya kwetu Murungu. Nikamuuliza umekwenda kumwona lini. Simu ikafikiri, ikasema sikukuu mbili zimepita, sikwenda, hoteli ilijaa. Nikamwambia na mama anasemaje? Akaanza kupanga kalamu. Nikamshika mkono pale pale juu ya meza yenu ya mawe, na wewe ukatokea, ukamwita, akaenda anatabasamu na macho yana maji.

Mimi sikulala mchana ule, na nilikuwa nimezoea kulala, maana kitanda chenu, lo! Nilikuwa namwona Yasmini wangu amesimama pale, anatabasamu, na mimi nimesimama kwenye mahindi yangu.

8. Na kosa la nane ndiyo hili. Siku ya mawese mlikuja wanne, wewe mbele, lifti imesimama nyekundu kama imechinjiwa ng'ombe, yule wa magurudumu anazunguka mahali pamoja. Mimi nimesimama na kifuniko mkononi. Yasmini, ndiyo kwanza anarudi kutoka chuoni, akapita katikati yenu. Akasema maneno sijui gani, mara mnakunja uso, mara mnafungua macho, mara yule mama wa usafi akacheka, mara wewe ukacheka mpaka ukashika ukuta. Kumbe anawaelezea habari ya chombo na kutia chumvi. Akaonja mawese kwa kidole, na wewe ukaonja. Nikasema moyoni, huyu mtoto ana baraka. Sikujua kwamba na wewe unasema hivyo hivyo. Kesho yake barua ya kazi iko chini ya mlango.

Kwa hiyo unaona, kosa ni lenu. Mngezila karanga, mawese yasingemwagika. Yasingemwagika, Yasmini asingesema. Asingesema, ningekuwa naye hapa sasa hivi anachambua mboga.

Na kwa faida yako nakwambia kitu kama mzazi, siyo kwa ubaya. Yasmini hafai. Analala kama gogo. Ana kinywa, anajibu wakubwa. Maharage anayaunguza, na akiunguza anasema ndiyo mtindo. Alipokuwa sekondari Kibondo alipewa ufunguo wa stoo akaupoteza siku hiyo hiyo, na ulipopatikana ulikuwa mfukoni mwake. Mgeni wako akiomba taulo ataletewa hadithi. Utajuta.

Sikuachi mikono mitupu. Nimekutafutia mtu wa badala. Anaitwa Ininahazwe, dada wa miaka thelathini, amekulia Mtendeli, kambi ya wakimbizi, kabla haijafungwa. Anajua Kirundi, Kiha, Kifaransa na Kiswahili. Kichina hajui, lakini hata mimi sijui na tumeishi vizuri siku tisa. Mama yake amekubali. Yeye mwenyewe sijamuuliza. Ukikubali, Yasmini anapanda ndege ya kuja, huyu anapanda ya kwenda, wapishane huko juu, na mambo yameisha.

Nimalize kwa salamu, maana mikono imechoka na mboga bado. Msalimie Mei, mwambie mvua huku imeanza. Msalimie yule mama wa usafi na mzee wa chai na mke wake, kama bado wapo. Na yule mwenye macho ya bluu mwambieni sina kinyongo, alitumwa tu. Haidari anakusalimu, Fidele anakusalimu, na sokoni wote wanakusalimu ingawa hawakujui, ila nimewaeleza ulivyo mpaka viatu.

Ni mimi mwenye uchungu wa mwana,
Tunu binti Nurudini, Mama Yasmini
Sokoni, upande wa vitenge, Kasulu, Kigoma.

N.B. Ndugu Meneja, kuna kitu kimeharibika. Barua hii niliiacha jana nikaenda sokoni, na Asmahani akaanza tena yale ya ulienda kumpeleka. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia ndiyo, nimempeleka, mwanangu ndiye mkubwa wa hoteli nzima ya Xi'an, na wewe Meneja uko chini yake. Sasa asubuhi hii wamekuja watu sita kunipa hongera, mmoja kaleta kuku. Kwa hiyo ukimnyima kazi, mimi nitahama Kasulu.

Basi mwajiri. Lile la ufunguo nililifanya mimi. Maharage anapika vizuri kuliko mimi, na wakubwa hawajibu, anawauliza tu maswali mazuri. Ila sikiliza, haya hatayasema yeye. Akiumwa hasemi. Ukiona ameanza kufua nguo ambazo ni safi, ujue ana homa, mpe tangawizi umlaze. Baridi inamwingilia miguuni. Akinyamaza siku mbili usimuulize, kaa tu karibu naye ufanye kitu kingine. Na Idi moja kwa mwaka mrudishe nyumbani, hata hoteli ikijaa mpaka kwenye ngazi. Pia yule Mei naye muache ak

Ngoja, Haidari ananiita huko uani kwa nguvu, anasema mtandao umeshika, Yasmini yuko kwenye video na tayari amevaa sare yenu ya kijivu, niwahi nikaone kama imemkaa mabegani