Kidole Gumba cha Mkurugenzi

Mamlaka ya Vyombo vya Anga iliutangazia umma, kwa furaha kubwa, kwamba vijidudu vyote vimepigwa marufuku kuingia Chumba Safi, viwe kazini au kwa shughuli binafsi. Vilivyokwisha kuingia vilipewa hadi saa kumi jioni viondoke kwa hiari.

Ili agizo litekelezwe, Mkurugenzi aliunda Kamati ya Kusimamia Usafi, mwenyekiti akiwa yeye mwenyewe. Kamati iliingia chumbani kila asubuhi kukagua kama kuna watu wanaoingia ovyo. Haikuvaa kofia wala barakoa, kwa sababu ya msingi kabisa: wakubwa wakifunikwa nyuso, nani atajua ampishe nani?

Humo ndani kilikaa chombo kidogo cha anga, kimo cha jokofu, kikisubiri lori la mwisho wa mwezi. Mpimaji wake alikuwa mwanamke mpole ambaye wenzake walimwita Mama Pamba. Alikipangusa kwa pamba yenye kijiti, akaigusisha pamba kwenye kisahani cha jeli, akakiweka kisahani ndani ya kabati lenye joto. Kijidudu hakionekani kwa macho, lakini kikilala siku tatu kwenye jeli huzaa ukoo mzima, na ukoo huonekana kama doa.

Sasa madoa yalikuwa yametapakaa, ya manjano, kama vifungo vya shati. Yasipopungua, wenye roketi wangekikataa chombo, na Mama Pamba alikuwa amekilea tangu kilipokuwa bati tupu.

"Vimeongezeka, mzee," alimwambia Mkurugenzi.

"Baada ya agizo langu?"

"Ndiyo, mzee. Hasa siku za ukaguzi."

"Basi tukague mara mbili kwa siku."

Wakakagua mara mbili. Madoa nayo yakaongezeka maradufu, na Kamati ikapongezana: bila ukaguzi hali ingekuwa mbaya zaidi.

Hatimaye Mkurugenzi alipandwa na mori. "Chanzo cha uchafu huu, kiwe nini, kiwe cha nani, kikijulikana kitolewe nje na kisirudi. Hata mimi nikikiombea, msinisikilize. Na wewe mama, usipokipata, chombo kinabaki, wewe unahamia stoo ya viti vibovu."

Mlinzi wa mlango alisikia. Alikuwa mzee asiye na maneno mengi, ambaye kila Mama Pamba alipotoka alimkuta na chai iliyofunikwa isipoe, maana kule ndani hata maji hayanyweki.

"Wengine wote tumeshawapima. Bado vidole vya Kamati tu, mzee," Mama Pamba alimwambia Mkurugenzi. "Kila anayeingia hubonyeza kisahani chake, tujue amebeba nini."

"Kinaandikwa jina?"

"Na cheo."

Hapo wakajipanga kwa vyeo. Mkurugenzi alitangulia, akabonyeza kidole gumba kwa nguvu kama anayepiga muhuri.

Siku tatu zikapita. Mama Pamba alitoa kisahani kilichochanua vifungo vilevile vya manjano, akafunika jina kwa kidole chake, asimwaibishe mtu mbele ya wajumbe.

"Hiki ni cha nani?" aliuliza Mkurugenzi.

"Tungeongea pembeni, mzee."

"Hapana. Hapa hatumfichi mtu. Ondoa kidole."

Akakiondoa.

Kesho yake mlinzi alisimama mlangoni. "Pole, mkuu. Uliagiza."

"Nimelifuta agizo."

"Hilo ndilo ulilosema tusilisikilize."

Wajumbe, bila mwenyekiti wa kumtanguliza, hawakujua nani aingie kwanza, wakabaki ofisini. Mama Pamba na wenzake wakasafisha, wakapangusa, wakasubiri. Visahani vikatoka vitupu.

Siku ya kukiaga chombo, Mkurugenzi alihutubia akiwa nje ya kioo. Chumba kile hakipitishi hata pumzi. Waliokuwa ndani waliona midomo ikienda, wakapiga makofi ilipotulia, na lori likaondoka na mzigo wake.

Mate yote ya hotuba yalikuwa yamebaki kwenye kioo, upande wa Mkurugenzi. Mlinzi akamletea kiti, akamletea na chai, kisha akampa kitambaa apanguse kioo.