Betri Iliyong'atwa Kinole

Hafidhi wa Bi Zuleha,
Chumba cha uani,
Mafiga, Morogoro.

Kwa Mjomba Abdulswamad,
Mkuu wa Ukoo, Mkulima wa Karafuu na Mshauri wa Wasioomba Ushauri,
Kinole.

YAH: BETRI YANGU KUNG'ATWA, KUANIKWA NA KUSINGIZIWA

Mjomba wangu mheshimiwa, shikamoo.

Mimi sijambo. Mama naye hajambo, anakusalimu, na amesema niandike wazi kwamba yeye hahusiki na barua hii.

Natumia karatasi kwa sababu simu zangu hupokei, na meseji ukimpa mwanao Salehe akusomee anaongeza maneno yake. Barua anakuletea kijana wa bodaboda anayekuja huko kufuata mananasi. Nimemkataza kuifungua, kwa hiyo mpaka ikufikie itakuwa imesomwa na watu wasiozidi wanne.

Jambo lenyewe unalijua, lakini malalamiko rasmi huanzia mwanzo. Alhamisi iliyopita nilikuja Kinole kwa kazi moja tu, kukukabidhi barua yangu ya posa uipeleke kwa Mzee Abdulmajid, baba yake Mwanvita. Sisi Waluguru mjomba ndiye mwenye mpwa. Baba mzazi anaweza kuvaa kanzu mpya na kusimama mlangoni, lakini mjomba asipokuwepo ile barua ya posa ni karatasi ya kufungia maandazi. Uliipokea vizuri, ukaitia mfuko wa kifuani. Mimi nikashuka mtoni kuoga, nikaacha barazani vepu yangu, ile sigara ya umeme unayoiita tochi ya kunyonya, na betri zake mbili nimezitoa nje zipumzike. Niliporudi, betri moja ilikuwa imelipuka katikati ya jamvi la karafuu, nusu ya jamvi ni majivu, na wewe umeshika ndoo ukiwatangazia majirani kwamba hupeleki posa ya mtu anayetembea na baruti mfukoni. Barua ukanirudishia imelowa.

Sasa Mzee Abdulmajid amesema anasubiri mpaka Jumapili. Baada ya hapo atampokea mjomba wa Said, yule Said wa pikipiki nyekundu, na nasikia huyo mjomba ameshapiga pasi kanzu, anaitazama tu ukutani.

Mjomba, mimi nimesoma mpaka kidato cha pili, na hicho cha pili nilikimaliza karibu chote. Kwa hiyo nimeyapanga malalamiko kwa namba, ili usije ukajibu moja ukasema umejibu yote.

1. KUNG'ATA. Tangu nikiwa mdogo nakuona. Mpira ukifika dakika ya themanini na redio ikaanza kukoroma, unatoa mawe yake, zile betri nene, unayang'ata kiunoni moja moja, unayarudisha, na mtangazaji anafufuka kumalizia sentensi yake. Sibezi elimu hiyo, imetusikilizisha magoli mengi. Lakini yale ni mawe ya redio, Mjomba, ndani yake mna unga mweusi na subira. Betri ya vepu imeviringishwa ndani kama mkeka wa safari, tabaka juu ya tabaka, na kati ya tabaka na tabaka kuna utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Utando ukitoboka tabaka zinagusana, na zikigusana hazipeani mkono. Kuing'ata ni sawa na kupiga mtungi wa gesi kwa mchi ili chai iwahi kuchemka. Nawe mtu mzima, uliyefika Dar mara tatu na kurudi mara zote, ukang'ata. Usikatae. Mabaki ya kopo la chuma la betri ile ninayo, yana alama za meno, na pale barazani hapakuwa na mwingine ila wewe na mbuzi. Mbuzi nimemkagua.

2. KUANIKA. Hukuridhika. Ukaichukua ukaipanga juani kwenye jamvi la karafuu, foleni moja na mawe yako manne ya redio, kama watoto wa madrasa wakisubiri zamu. Saa saba mchana. Mawe ya redio yakiota jua yanapata nguvu za kufikia taarifa ya habari, sawa. Betri hii ikipata joto inavimba, kama wewe ukiambiwa umekosea. Yaliyofuata kijiji kizima kiliyanusa. Moshi wa karafuu ulitelemka mpaka barabarani, na nimeambiwa watu watatu waliokuwa wanaumwa meno walipata nafuu. Kwa hilo sikudai shukrani.

3. KUSINGIZIWA. Uliwaambia majirani kwamba vepu imelipuka. Vepu ilikuwa barazani, tumbo wazi, haina betri hata moja ndani, na vepu isiyo na betri ni filimbi. Lakini nani ataniamini wakati mkuu wa ukoo ameshasema? Tangu siku ile watoto wa Kinole wananiita Mnyonya Tochi. Nilipopita kwenye genge la Mama Editha kununua ndizi, akaniuliza mbele za watu, "Mnyonya Tochi, leo umechaji, au tukung'ate kidogo?" Wateja wakacheka mpaka mmoja akasahau chenji yake. Mimi, ambaye pale Mafiga vijana wananipisha njia, nikalipa ndizi nikaondoka na sikuzila.

4. UJANE. Hili hukulifikiria kabisa. Betri za vepu yangu zinafanya kazi mbili mbili. Zimenunuliwa siku moja, zimechajiwa pamoja, zimechoka pamoja, yaani zimeoana. Moja ikifa, iliyobaki hairuhusiwi kuunganishwa na mpya, kwa sababu mpya ina nguvu na ya zamani imechoka, basi mpya itaisukuma mwenzake mpaka ipate moto. Haya ni maarifa ya kweli, hata ungemuuliza nani. Betri yangu iliyosalia sasa ni mjane. Nimeifunga utepe kichwani na miguuni, nimeiweka ndani ya kikopo cha plastiki, na imekaa eda ambayo haina mwisho. Na wewe Mjomba, ukiwa na jiwe jipya na jiwe kuukuu katika redio moja, ujue unacheza na amani ya nyumba. Nasema redio. Bibi mkubwa na bibi mdogo wa kwako siwataji, wote wawili wananipikia vizuri.

Hoja yangu hapa ni nyepesi. Wewe umevunja ndoa. Aliyevunja ndoa moja anadaiwa ndoa moja. Huwezi kumlipa betri, kwa hiyo mlipe mwenye betri.

5. UJUZI WANGU. Neno lililoniuma kuliko yote ulilisema umegeukia ukuta ukidhani sisikii. Ulisema, "Betri hajui kuchagua, mke atajuaje?" Haya, Mjomba, umenipa mtihani, na mimi mitihani ya hivi ndiyo ninayofaulu.

Betri inachaguliwa hivi. Kwanza unatazama ganda lake la plastiki la nje. Hutazami kung'aa, unatazama kama limechanika, hasa pale kichwani, kwa sababu likichanika hata kidogo chuma kinabaki uchi na kitagusa kisichokihusu. Ganda likichanika unabadilisha ganda au unaiacha betri, hakuna kusema itanivusha leo. Pili unasoma tarakimu za kiasi cha umeme inachobeba. Betri ya ukubwa ule, nono kidogo kuliko kidole gumba, ikijitahidi sana inabeba elfu tatu na ushee. Ukikuta imejiandika 9900, hiyo ni Said. Imejisifu barabarani, nyumbani haina kitu, na pikipiki ni ya kuazima. Tatu unaipima mkononi, kwa sababu feki nyingi ni nyepesi, wengine wanatia mchanga ndani ili zipate heshima. Nne unauliza imetoka wapi. Betri iliyochomolewa kwenye kompyuta kuukuu na kuvalishwa ganda jipya ni kama mchumba aliyebadilisha jina, huenda ni mwema, lakini kwa nini alibadilisha? Unanunua kwa muuzaji ambaye kesho utamkuta palepale, na unamuuliza kama inahimili kazi ya vepu, maana vepu inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, si kama redio inayosikiliza taratibu. Na ukishainunua huitupi mfukoni pamoja na funguo na sarafu. Inakaa kwenye kikopo chake, inachajiwa kwa chaja yake, na wewe uko macho unaiona.

Sasa mpime Mwanvita kwa kipimo hicho. Hajisifu. Ana uzito, naongelea akili. Anakotoka kila mtu Kinole anakujua. Nimechagua vibaya wapi?

6. MADAI. Kutokana na namba moja mpaka tano, nadai kwa heshima kubwa:

Kwamba ukoo uwe na Katibu wa Betri, na Katibu awe mimi, kwa muda usio na kikomo.

Kwamba ufanyike mkutano pale kwako, wazee wote walete tochi na redio zao, na Katibu awafundishe kwa saa mbili bila kukatizwa. Atakayekutwa anang'ata atakaa nyuma na watoto.

Kwamba kuanzia sasa mwanamume wa ukoo huu asipelekewe posa mpaka ataje dalili tatu za betri feki, na kwa kuwa mimi peke yangu ndiye ninayezijua, posa yangu itangulie za wengine wote, ikiwemo ya Salehe, ambaye hata hajaomba.

Kwamba katika mahari viongezwe vikopo viwili vya plastiki vya kuwekea betri, kimoja cha bwana na kimoja cha bibi, ili watu wa Mzee Abdulmajid wajue wanaozesha kwa watu wenye mwanga.

Na kwamba Jumamosi, siyo Jumapili, uvae kanzu, ile ya Idi, uipeleke barua. Ukikataa, Mjomba, nitalazimika kukata rufaa kwa bibi, na unamjua mama yako akishika jambo. Bado anakuita kwa jina la utotoni mbele ya wakwe zako, na mimi sitamzuia.

Sina zaidi isipokuwa heshima, ambayo nayo nimeitumia nyingi humu. Nisalimie bibi mkubwa na bibi mdogo, kila mmoja kwa wakati wake. Nisalimie Salehe, umwambie hii ni karatasi, akiongeza neno litaonekana. Msalimie Mama Editha, ndizi zake zilikuwa mbichi. Wasalimie wote walionicheka, majina yao ninayo.

Ni mimi mpwa wako mtiifu, niliyedhulumiwa lakini sijanuna,

Hafidhi,
Katibu wa Betri Mteule.

Nyongeza: Mjomba, sijabandika bahasha bado. Mwanvita amepita hapa akitokea dukani anakofanya kazi ya kufunga sola, akaomba aisome. Sikuweza kumkatalia, kwa sababu maarifa yote ya betri niliyoyaandika humu, hasa namba tano, ni yeye aliyenifundisha Jumamosi, siku mbili baada ya betri kulipuka. Kabla ya hapo nilijua betri ni betri. Ameyasoma akasema nimeyaandika sawasawa. Kisha akarudi namba moja, akakaa nayo sana, akaniuliza, "Mjomba wako aling'ata kwa meno yapi?" Nikakumbuka kwamba ya mbele yote uliyang'oa mwaka juzi, na nilikuja kukuletea uji.

Niliing'ata mimi. Jumatano, hukuhuku mjini, ilikuwa imechoka na sikuwa na chaja, nikaing'ata kama nilivyokuona ukifanya miaka yote. Mkono ulikwenda wenyewe. Nayo ilikuwa imeandikwa 9900, niliichagua kwa sababu hiyohiyo. Wewe ulikuta kitu cha mpwa wako kimebonyea ukakionea huruma, ukakianika pamoja na vyako.

Mwanvita amesema kuolewa na asiyejua betri anaweza, watu hufundishwa. Anayemtwisha mjomba wake kosa lake, hapana. Vepu ameichukua na yule mjane ameenda naye dukani kwao, wana ndoo ya mchanga ya betri zilizokufa, na mimi sikubisha. Ningeandika barua upya lakini karatasi imekwisha na bodaboda anapiga honi nje. Basi futa namba zote sita. Jamvi nitakuja kulisuka mwenyewe na karafuu nitachuma mpaka useme basi.

Barua ya posa nimeianua, imekauka, iko ndani ya kitambaa humu kwenye bahasha. Nakuomba uipeleke. Ukifika kwa Mzee Abdulmajid usimwambie mimi ni mtaalamu wa chochote. Mwambie tu kwamba mimi ni mpwa wako.