Benchi za Msiba wa Haruna

Leo nimemuua mtu kwa kompyuta, na mtaa mzima umeniona.

Mnajua mimi ndiye fundi wa kompyuta wa chama chetu cha maziko, hapa mtaani Asiatique. (Kompyuta moja, fundi mmoja. Mshaanza kuelewa.) Asubuhi nilitengeneza orodha ya majaribio, wanachama wote nikawaandika marehemu, nione kama tangazo la msiba linachapika. Nikaiamuru mashine: kikao hiki chote, acha orodha halisi, soma ya majaribio. Tangazo likachapika vizuri. Amri ya kurudisha mipangilio ya kawaida ni fupi kuliko jina langu. Sikuiandika. Nilienda kunywa chai.

Kurudi, namkuta Bi Zuhura mlangoni. Mumewe Haruna, dereva wa lori, alipanda milimani juzi, na juzi hiyohiyo risasi zikalia huko. Majina ya wanaouawa njiani huletwa kwetu. Karani wa chama huyaingiza kwenye kompyuta asubuhi, kisha huenda zake.

"Mwanangu, angalia tu. Jina ya Haruna iko?"

Nikaandika jina. Jibu: marehemu.

Alisoma uso wangu, akakaa sakafuni. Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha.

Kwetu msiba haungoji. Mwenyekiti, Mzee Saidi, akatuma habari: kila mwanachama aje abebe benchi.

Nikabaki na mashine. Nikatafuta jina la Mzee Saidi nimweke kwenye tangazo kama mwenyekiti. Marehemu. Na sauti yake naisikia uani, anapanga watu. Nikatafuta jina langu. Marehemu. Nikajishika shingo kutafuta mapigo. (Yalikuwepo. Mengi.) Ndipo nikaikumbuka ile chai.

Nikatoka mbio. Uani Mzee Saidi kashika benchi upande mmoja. Upande wa pili kuna mtu kajaa vumbi mpaka kope.

"Lori iliharibika njiani, mi nafika sasa hivi," anasema. "Wananiambia iko musiba. Nani amekufa?"

Mzee Saidi akaachia benchi. Likatua kwenye mguu wangu.

"Ni we," nikamjibu Haruna.

Bi Zuhura alitoka ndani, akamwona, na hapo ndipo alipolia. Alilia mpaka na sisi tukalia. Kisha akafuta macho, akanigeukia.

"Haruna iko muzima. Uzima ya kwako we, bado sijui."

Ile amri nimeshaiandika. Nimejitafuta tena: hai, ila nachechemea. Atakayecheka namrudisha kwenye orodha ya majaribio.