Z. Ogola na Mke, Vifaa vya Uvuvi

Jumatatu, 6 Machi 1989

Leo nimefungua karakana. Iko sebuleni. Makochi nimeyasukuma hadi chumba cha kulala, kwa hivyo kufika kitandani ni lazima nipande kochi kwanza. Si neno. Napanda peke yangu, nashuka peke yangu.

Seline amerudi kwao Katito. Wiki ya tatu sasa. Sababu yake ni bata. Niliwaweka sebuleni kwa muda tu, wakikua niwauzie mahoteli ya Kisumu. Akasema yeye hakuolewa na bata. Akafunga kitambaa kichwani, akachukua kikapu, akapanda basi. Siku chache baadaye bata nao wakafa. Sijui kama ni huzuni.

Desturi naijua. Mke akirudi kwao, mume humfuata, akaketi mbele ya wakwe, akajieleza, akarudishiwa mke wake. Nitakwenda! Nani amesema siendi? Lakini nitaketi mbele ya mama mkwe niseme nini? Kwamba bata wamekufa? Mkono mtupu haulambwi. Nitakwenda nikiwa mtu.

Ndiyo maana ya karakana. Wavuvi wote kutoka hapa Nyamasaria hadi Dunga wananunua ndoano kwa Hiram Kangethe, mwenye duka ng'ambo ya barabara. Kangethe ni mtu wa Murang'a. Samaki hali. Akiona mbuta anageuza uso. Na ndiye anauza ndoano! Yawa, dunia hii.

Mimi nina kitu ambacho Kangethe hana. Nilipokuwa karani wa stoo kule kiwandani, kabla hawajatupunguza, niliona gazetini picha ya mzungu amekumbatia mbuta mkubwa. Mdomoni mwa samaki kulikuwa na kitu kinachong'aa, umbo la kijiko. Samaki anakiona majini, anadhani ni omena, dagaa wa ziwani, anameza. Chambo cha nini tena? Mvuvi ananunua kijiko kimoja, anavua maisha yake yote.

Kwa hivyo nahitaji vijiko.

Nyumba imenyamaza sana. Ni vizuri kwa kazi.

Jumanne, 7 Machi

Siwezi kufikiri. Mabasi ya Kisii yanasimama karibu na dirisha langu, na makanga wanapiga kelele tangu alfajiri: Katito! Katito! Nafasi mbili Katito! Kama kwamba wanajua. Nimeziba dirisha kwa gunia.

Kangethe akaja mlangoni na tabasamu lake. Kila Jumanne anapeleka bidhaa soko la Katito kwa pikapu. Akasema, kama alivyosema Jumanne zilizopita, mbele kuna nafasi, na kwamba hataki nauli. Nikamshukuru kwa ubaridi. Nikamwambia mimi ni mtu wa kazi. Akatazama gunia dirishani, akatazama makochi hayapo, akasema sawa, mzee, wiki ijayo basi.

Anataka nini mtu huyu? Anataka nifike kwa wakwe nimeketi kwenye katoni za sabuni zake. Sahau!

Mchana nimechora kibao cha duka kwenye mlango wa kabati la vyombo. Kwanza niliandika Z. OGOLA NA WANA. Lakini binti yetu Lornah ameolewa Mumias, na wavulana wako Nairobi na hawaandiki. Nikafuta. Nikaandika Z. OGOLA NA MKE, VIFAA VYA UVUVI. Kinapendeza. Nimekiangalia muda mrefu.

Alhamisi, 9 Machi

Vijiko vyetu wenyewe vimekwisha. Vilikuwa vichache, na viwili nilivipinda vibaya. Nikakaa nikawaza. Halafu nikakumbuka sanduku.

Chini ya kitanda kuna sanduku la bati la akina mama wa kanisa. Vyombo vya mazishi na harusi. Seline ndiye mtunzaji, kwa sababu akina mama wanamwamini kuliko benki. Ufunguo aliuacha juu ya kabati. Mke anayemwachia mume ufunguo anamaanisha nini? Anamaanisha imani. Nikafungua.

Lo! Vijiko! Vimefungwa kwa kitambaa cheupe, vinang'aa, vingine havijawahi kuguswa na mdomo wa mtu. Nimevikopa tu. Nikiuza vya kwanza nitawanunulia akina mama vipya, vyenye maua kwenye mpini.

Kazi yenyewe si rahisi. Unakata mpini kwa msumeno wa chuma, unatoboa tundu juu na tundu chini, unafunga ndoano upande mmoja na kamba upande mwingine. Sina chombo cha kubania kijiko nikikata, kwa hivyo nakibana kwenye mlango, pale kwenye bawaba. Kinashika vizuri ajabu! Shida ni kwamba mlango sasa haufungi. Kuku wa jirani wanaingia na kutoka. Mmoja amekaa hapa ananitazama nikiandika. Nimemwacha.

Ndoano nilinunua kwa Kangethe. Niliinamisha kofia, lakini alinijua.

Jumapili, 12 Machi

Kanisani. Nikakaa kwenye benchi letu, katikati, ili lisionekane tupu. Mama Dorca, mwenyekiti wa akina mama, akauliza Mama Lornah anaendeleaje. Nikasema anamwangalia mama yake mgonjwa. Akasema ajabu, yeye alimwona mama huyo juzi sokoni Katito amebeba ndizi kichwani. Nikasema ugonjwa wake ni wa ndani.

Nyumbani nikapika ugali na omena. Ugali ukaungua chini na juu ukabaki unga. Nikapakua. Kisha nikaona nimeweka sahani mbili mezani. Mezani, yaani juu ya mbao zangu za kazi. Mazoea mabaya. Nikairudisha moja. Nikala kidogo. Sikuwa na njaa.

Nimemkumbuka Seline leo. Basi, nimeandika.

Jumanne, 14 Machi

Kangethe akapiga honi tena asubuhi. Nikajificha ndani ya kabati, nikasahau halina mlango. Akanipungia mkono akaenda.

Jioni akarudi na kifurushi. Viazi vitamu! Kutoka kwa Seline! Alikutana naye sokoni. Akasema Mama Lornah anauliza kama paa la jikoni linavuja, na kama nakula. Nikamuuliza Kangethe alikuwaje. Akasema mzima, amevaa vizuri. Nikauliza alisema nini kingine. Kangethe akafikiri, akasema hakusema kingine, alichungulia tu ndani ya pikapu.

Nimetafakari jambo hili. Alichungulia pikapu kuona kama nimemtumia kitu. Mwanamke anangoja zawadi! Na mimi sikutuma hata sabuni. Lazima niharakishe.

Viazi nimechemsha vyote. Vitamu mno. Vina udongo wa kwao.

Kabla ya giza nikapeleka vijiko vya kwanza kwa Absalom, mvuvi wa Dunga. Akakishika kimoja, akakigeuza, akauliza kama samaki atapewa na chai. Wavuvi wengine wakacheka hadi mmoja akakaa chini. Nikavumilia. Nikamwambia avichukue bure, ajaribu, kisha aje aniombe msamaha.

Ijumaa, 17 Machi

Ushindi! Ushindi! Absalom amepata mbuta! Amemleta kwa baiskeli, mkia unaburuta chini, Nyamasaria nzima imetoka kuangalia. Nikasimama kando ya samaki chini ya kibao changu. Nikamwambia Kangethe aje aone. Akaja, akageuza uso, akanipa mkono wa pongezi. Alinipa kwa moyo, mshenzi yule. Inaudhi.

Nimeshapanga yote. Jumanne nitakwenda Katito, si kwa pikapu ya mtu. Kwa basi, kiti cha mbele, na zawadi kwa mama mkwe. Nitasema, mama, mkwe wako ana karakana.

Mama Dorca akaingia katikati ya furaha hii. Akapita tu ndani, kwa kuwa mlango haufungi. Akasema nimesikia, bila shaka, kuwa Mzee Ochieng wa kwaya anazikwa kesho. Wageni wanatoka Nairobi, kasisi wa mjini anakuja, wali utapikwa. Vijana watafuata sanduku la vyombo asubuhi mapema.

Nikasema hakuna shida, mama. 

Tangu hapo nafanya kazi. Mipini sikuitupa, namshukuru Mungu. Naunganisha kila kichwa na mpini wake kwa waya mwembamba. Kwa mbali huwezi kujua. Matundu nimeziba kwa sabuni.

Jumapili, 19 Machi

Jana sikuweza kuandika.

Wali ulikwenda vizuri mwanzoni. Watu wa mazishini hula polepole. Nilikuwa nimejipa kazi ya kugawa vijiko mwenyewe, nikiwapa wazee vile vizima vilivyosalia. Halafu mchuzi ukaja. Ulikuwa moto. Sabuni ikayeyuka.

Kasisi alikuwa amevaa kanzu nyeupe. Alichota mchuzi, akainua, ukavuja. Akachota tena. Akakitazama kijiko kwa chini, kikainama chenyewe kama mtu anayesujudu, na nyama ikamwangukia pajani. Upande wa pili mgeni wa Nairobi akabaki na mpini mkononi. Kisha wengine, na wengine. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti kwa nini wali una povu.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wacheke. Akina mama wote wakageuka kumtazama mtunzaji wa vyombo.

Na mtunzaji alikuwa pale! Seline! Amekaa na wanawake, amekuja kumzika Mzee Ochieng, wala sikujua. Akasimama. Akawaambia akina mama kosa ni lake, kwa sababu ufunguo aliuacha na mtu. Akasema atavirudisha vijiko vyote, hata kama ni kimoja kimoja. Hakunitaja jina. Akaketi, akafunika uso kwa leso. Nilitamani Mzee Ochieng aniachie nafasi kaburini.

Hapo Absalom akanisogelea kunifariji, na akaharibu zaidi. Akasema nisiumie sana, kwani hata yule mbuta hakukamatwa na kijiko. Kijiko alikitoa, akaweka chambo cha kipande cha samaki kamongo kama siku zote. Kijiko amemtundikia mtoto wake shingoni. Hakutaka kuniambia mbele za watu nilipokuwa nimefurahi vile.

Seline akapitia nyumbani. Akasimama nje akasoma kibao. Akauliza mke huyo ni nani na yuko wapi.  Akaingia, akafukuza kuku, akafagia vumbi la chuma, akapanda juu ya makochi yake kufika chumbani, akarudisha sanduku mahali pake. Akapika. Tukala kwa mikono. Chakula kilikuwa na chumvi ya kutosha, kwa mara ya kwanza tangu Februari.

Nikamwambia akae. Nikasema nitatengeneza mlango.

Akaniuliza kama najua amefanya nini kila Jumanne. Nikasema sijui. Akasema kila Jumanne anaoga mapema, anavaa lile gauni la samawati la harusi ya Lornah, anakwenda kusimama sokoni pale pikapu ya Kangethe inapoegeshwa. Kwa sababu Kangethe alimwambia ameniomba nipande. Mlango wa mbele ukifunguka anaangalia ni nani anashuka. Kangethe peke yake, kila mara. Wanawake wa soko sasa wanamsalimia kwa huruma.

Akasema hakutaka kijiko, hakutaka samaki, hakutaka hata bata wafufuke. Alitaka nishuke kwenye gari. Basi.

Leo asubuhi akaenda zake. Akasema alikuja mazishini, hakurudi nyumbani, na mwanamke hajirudishi mwenyewe kama kuku aliyepotea. Nikamsindikiza hadi kwenye basi. Makanga akapiga kelele kwamba iko nafasi moja zaidi, mzee, pandeni wote. Seline akanitazama dirishani mpaka basi likaondoka.

Nimelia kidogo. Hakuna wa kuniona ila kuku.

Jumanne, 21 Machi

Leo Kangethe hakupiga honi. Alisimamisha pikapu mbele ya mlango wangu, akazima injini, akafungua mlango wa upande wa pili. Kiti alikuwa amekipangusa.  Akangoja.

Nilikuwa tayari nimevaa koti. Naapa. Nilikuwa na mguu mmoja nje.

Lakini nikafikiri. Nishuke kule mbele ya soko zima, na gauni la samawati, na mimi nina nini mkononi? Sasa hata vijiko vya kanisa vinanidai. Wiki iliyopita ningekwenda mkono mtupu. Leo nitakwenda na mkono mtupu na aibu juu. Haiwezekani! Seline alisema hataki kitu, lakini hayo ni maneno ya mwanamke mwenye adabu.

Na zaidi ya hayo, nilipopanda makochi jana kwenda kulala, wazo lilinijia. Makochi yamejaa sponji! Nyepesi kama pamba! Wavuvi wanahangaika kukata malapa ya zamani kufanya maboya ya nyavu, na mimi nalala juu ya maboya! Ukikata kochi moja unapata maboya ya mtumbwi mzima. Absalom na vipande vyake vya kamongo atajua mimi ni nani.

Nikamwambia Kangethe, wiki ijayo bila kukosa. Akaketi kidogo na mikono juu ya usukani. Kisha akafunga mlango wa upande wangu, akaenda.

Nimeshakata kochi langu. La Seline nitalikata mwisho. Kipande kimoja nimekitia kwenye ndoo ya maji kukijaribu; kimezama kidogo, lakini nadhani ni ugeni wa maji. Jumanne ijayo nakwenda. Gauni la samawati ni kitambaa kizuri, nililinunua mwenyewe. Jumanne moja zaidi haitalichakaza.