Kufuli Halitazamwi, Huvutwa

Siku Salesi fundi kufuli alipofariki, mtaa wetu mzima wa Nuku'alofa, mji wa kisiwani, ulijifunga mikeka ya msiba kiunoni kama ilivyo desturi. Lisiate, mwenye duka la kompyuta, naye alijifunga wake, kisha akawaza: kwetu msiba bila nguruwe ni aibu, siku hizi nguruwe huagizwa mtandaoni, na mtandao wa mtaa ulikuwa dukani kwake.

Vivinjari vya kompyuta zake vilikuwa na ila moja tamu. Tovuti ikitoa cheti chake cha utambulisho, vilikagua muhuri tu, jina havikusoma. Kama bawabu anayekubali pasi bila kuuliza ni ya nani. Lisiate alibaki na cheti halali cha tovuti yake ya zamani, "Nguruwe wa Lisiate", iliyouza picha za nguruwe, nguruwe wenyewe hapana. Akatengeneza ukurasa pacha wa bucha kubwa ya mjini, akauvika cheti hicho. Kufuli dogo likajichora juu ya ukurasa, limefungwa, nyenyekevu kama shemasi.

Kalolaine, mjane wa Salesi, akaja kuagiza nguruwe wa msiba kwa kadi ya benki ya kaka yake wa Auckland.

"Pole, Shangazi. Ona kufuli hilo. Hapo hata shetani hapiti."

"Umelivuta?"

"La kompyuta halivutwi, Shangazi."

"Salesi alisema kufuli halitazamwi, huvutwa." Akalibofya. Kikafunguka kijisanduku chenye jina la mwenye cheti. Akalisoma polepole, midomo ikicheza. Kisha akalipia nguruwe kumi na wawili.

"Asante, mwanangu."

Lisiate nusura acheke ndani ya mkeka wake.

Siku ya mazishi watoaji walipotajwa, Kalolaine akasimama.

"Na Lisiate, nguruwe kumi na wawili. Jina lake nimelisoma mwenyewe."

"Mālō, Lisiate! Mālō!" kanisa likaitikia. Mama yake akalia kwa fahari.

Kwetu, ukishashukuriwa kanisani, umeshatoa.

"Wako wapi?" mjomba wake akamnong'oneza.

"Wako... njiani."

"Basi wafupishie njia."

Pesa ya kadi alikuwa ameshaila nusu. Iliyobaki ilileta sita. Kompyuta zake zote, alipoziuza, zilileta watano. Wa mwisho alikuwa dume la mama yake, aliyemkokota barabarani huku watu wakimpigia makofi.

Salesi alizikwa kwa heshima.

Siku hizi duka la Lisiate, tupu bila kompyuta, ni zizi la nguruwe wa Kalolaine. Hufunga mlango mwenyewe kila jioni, kisha hulivuta kufuli.