Hotuba ya Kuzindua Shule ya Mpira ya Watoto Wadogo wa Kafr Zahwa

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mkuu wa Mkoa, ambaye kiti chake chenye mto wa mahameli kimefika na yeye mwenyewe yuko njiani, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Mji, Mheshimiwa Naibu wake, Mheshimiwa anayekaimu nafasi ya Naibu wake kwa kuwa Naibu yuko Umra, masheikh wetu, Hajj Farghali, mwenye mahema, viti na taa, ambaye bila yeye mji huu usingeweza kuozesha wala kuzika, mama mkwe wangu mpenzi, Hajja Wagida, aliyenikabidhi hazina, na hazina yenyewe, mke wangu, Abla Ibtihal, mwalimu wa chekechea, ambaye hina ya harusi yetu bado inang'aa mikononi mwake, na ambaye leo amevaa ule mtandio wa rangi ya anga niliomchagulia mimi mwenyewe, kwa jicho langu mwenyewe, kule mjini Tanta, wazazi, na ninyi watoto wadogo mliopanga mstari mbele ya utepe: amani ya Mwenyezi Mungu iwe juu yenu.

(Vigelegele kutoka safu ya akina mama. Sauti ya mwanamume: "Mungu awadumishe, Ustadhi Mutawalli. Ila jua linatuchoma, kata utepe.")

Utepe utakatwa, ndugu yangu, utakatwa kwa wakati wake, kwa sababu utepe ni hatua, na hatua ina utaratibu wake, na utaratibu ndio mimi. Mimi, Mutawalli Shahbour, Mkuu wa Kitengo cha Uratibu wa Shughuli za Vijana, Tawi la Kafr Zahwa, mwenye stashahada ya sekondari ya biashara niliyoipata kwa daraja ambalo walimu wangu hawakulitegemea, nasimama mbele yenu nikiwa na furaha mbili. Furaha ya kwanza ni ya kikazi. Ya pili imekaa safu ya mbele, kiti cha tatu kutoka kushoto, na naomba msimkodolee macho maana anaona haya.

(Abla Ibtihal anatazama saa yake. Vicheko.)

Waheshimiwa, nyuma yangu mnaliona pazia kubwa la Hajj Farghali, lile lile jekundu lenye nakshi mlilolizoea kwenye harusi zenu na matanga yenu. Nyuma ya pazia hilo upo uwanja. Sitasema zaidi. Nitasema tu kwamba mambo mazuri yote hufunikwa kwanza, kama vile bibi harusi wangu alivyofunikwa uso siku ile, na nilipoufunua, wallahi, nilisahau jina langu, ikabidi sheikh aniulize mara ya pili.

("Hilo tunalikumbuka," anasema sheikh.)

Na uwanja huu si uwanja hivi hivi. Uwanja huu ni ahadi. Siku nilipokwenda kwa Hajja Wagida kuposa, nilimwambia Ibtihal, kama desturi yetu inavyotaka, twende kwa sonara achague dhahabu yake ya uchumba. Akaniangalia kwa yale macho, mnayajua macho ya mke wangu, au tuseme hamyajui na msiyajue, akasema: "Sitaki dhahabu, Mutawalli. Nataka watoto wangu wa chekechea wapate mahali pa kuanzia mpira. Wewe si mkuu wa vijana? Basi nivishe uwanja."

(Vigelegele. Hajja Wagida: "Mimi nilisema dhahabu." Mwanamke wa jirani: "Ulisema, Hajja, mtaa mzima ulikusikia.")

Nikamwambia: nimekubali. Nikarudi nyumbani natembea juu ya mawingu. Asubuhi yake, kabla hata ya chai, nikaunda kamati. Kamati ikaunda kamati ndogo. Kamati ndogo ikafanya upembuzi yakinifu wa mtoto mdogo, ikamtazama anavyokimbia, na ikatoa taarifa kwamba asilimia tisini na nane ya watoto wenye umri wa miaka minne hadi sita wote kwa pamoja huufuata mpira mmoja kama nyuki, na asilimia mbili zilizobaki hukaa chini na kula mchanga. Hali hii, waheshimiwa, haikubaliki katika taifa lenye maono.

(Abla Ibtihal, kwa sauti ya chini ila inasikika: "Ni watoto, Mutawalli. Ndivyo wanavyocheza. Mpe kila mmoja mpira wake, basi.")

Ahsante, kipenzi, wadau wamesikika. Kwa hiyo kitengo changu kimeandaa mpango mkakati wa awamu tatu. Awamu ya kwanza ni mpira wa nadharia, ambapo mtoto wa miaka minne ataketi, ataelezwa historia ya mguu wa kulia, kisha ataelezwa mguu wa kushoto. Awamu ya pili, mtoto ataruhusiwa kuuona mpira. Awamu ya tatu, baada ya tathmini na kupatikana kwa mihuri inayohusika, mtoto ataugusa, kwa uangalifu, chini ya usimamizi. Natabiri kwamba kwa njia hii, mtoto anayeanza leo atakuwa tayari kucheza akiwa na umri wa kuoa, na namuombea apate mke kama wangu.

(Mtoto wa kike aliye mbele ya mstari, Tuqa, mwenye umri wa miaka mitano na viatu vikubwa kuliko miguu: "Amu, mpira uko wapi?")

Swali zuri kutoka kwa mchezaji wetu wa baadaye. Mpira, binti yangu, ni huu hapa kwenye meza, juu ya mto, chini ya kitambaa cha hariri. Ni mpira rasmi. Haupigwi. Umewekwa kwa ajili ya picha.

(Tuqa: "Mimi nina wangu." Anainua mpira wa soksi, uliojazwa sifongo na kufungwa kwa uzi. Watoto wengine nao wanainua yao. "Na mimi. Na mimi.")

Naam. Naona. Mke wangu, kwa ule moyo wake ambao ndio ulioniteka, alikaa na akina mama wa mtaa akawafundisha watoto hawa kushona mipira ya soksi, kila mtoto mpira wake, na nakiri hadharani kwamba soksi zangu za harusi ni miongoni mwa zilizotumika, maana nimezitafuta mpaka leo. Lakini itifaki ni itifaki. Naomba mipira isiyo rasmi iwekwe chini ya viti mpaka mwisho wa hotuba.

(Hakuna anayeweka. Mtoto mmoja anataka kwenda chooni, anapelekwa.)

Waheshimiwa, huenda wako wanaouliza: Ustadhi, tangu uchumba mpaka harusi, tangu harusi mpaka leo, mbona hatujaona greda, hatujaona mchanga, hatujaona hata mtu na kamba ya kupimia? Hao nawajibu kwa unyenyekevu kwamba hawajui serikali inavyofanya kazi. Katika ofisi zetu, jambo huzinduliwa kwanza. Likishazinduliwa linakuwa limezinduliwa. Likiwa limezinduliwa, haliwezi tena kuwa halipo, kwa sababu kuna picha. Kwa utaratibu huo daraja letu lilizinduliwa, na kisima chetu, na

("Daraja lipi?" "Kisima kipi?")

na mengine. Naendelea.

(Hajj Farghali anasimama kutoka nyuma, anapiga makofi kuita vijana wake: "Ustadhi, nisamehe, mwanangu. Mzee Abdel-Zaher wa mtaa wa pili amefariki asubuhi, Mungu amrehemu. Watu wanakuja kutoa pole baada ya magharibi. Nahitaji pazia langu." Umati: "Mungu amrehemu.")

Mungu amrehemu, Hajj, na ampe pepo. Pazia utalipata. Nipe dakika ya shukrani tu, kwa sababu hotuba bila shukrani ni kama chai bila sukari, na mimi tangu nioe sijanywa chai isiyo na sukari.

Kwanza, kaulimbiu. Naomba mnifuate. Mguu mdogo, ndoto kubwa.

("Mguu mdogo, ndoto kubwa," wanaitikia watoto peke yao.)

Kafr Zahwa juu.

(Tuqa: "Juu wapi?")

Sasa shukrani. Namshukuru Mkuu wa Mkoa kwa kumtuma mwakilishi, na mwakilishi kwa kutuma kiti. Naishukuru kamati kwa kukutana, na kamati ndogo kwa kukutana kuhusu kukutana. Na shukrani za pekee, kutoka ndani kabisa ya moyo wangu huu ambao siku hizi haulali, zimwendee jirani wa kituo chetu cha vijana, Umm Mahrous, ambaye alilisikiliza kwa subira ombi letu la kutuachia shamba lake ili liwe uwanja, na ambaye ametuahidi kwamba ataanza kulifikiria pindi nyati wake wa maziwa atakapomaliza

(Pazia linatikisika nyuma yake.)

kulila.

(Vijana wa Hajj Farghali wameshalegeza kamba. Pazia linashuka lote kwa pamoja. Nyuma yake kuna shamba la majani ya mifugo, mabichi, yaliyofika magotini, na katikati yake nyati. Nyati anageuza kichwa, anautazama umati, anaendelea kutafuna. Umm Mahrous, kutoka dirishani kwake: "Nilikwambia hapana, Ustadhi. Nilikwambia mara ngapi?")

Waheshimiwa, mnachokiona hapa ni... ni nyasi. Nyasi zipo. Hakuna anayeweza kusema hatuna nyasi.

(Hakuna anayecheka. Watoto wanatazamana. Tuqa anaushusha mpira wake. Hajja Wagida: "Nilisema dhahabu." Abla Ibtihal anasimama.)

Ibtihal. Mke wangu. Nuru ya nyumba yangu. Naomba tulizungumze nyumbani.

("Tutalizungumza nyumbani pia," anasema Abla Ibtihal. "Uliniambia uwanja upo, Mutawalli. Nikawaambia watoto. Tuqa amelala na viatu miguuni.")

Nilidhani tukishakata utepe, Umm Mahrous ataona haya. Wallahi nilidhani hivyo. Sikutaka ulale siku moja ukijuta kuacha dhahabu kwa ajili yangu. Hilo tu. Hilo halimo kwenye hotuba, nimelisema tu.

(Abla Ibtihal anaugeukia umati. "Inukeni," anasema. Mheshimiwa Kaimu Naibu: "Nani, sisi?" "Ninyi nyote, Mheshimiwa. Ua hili la kituo lina nafasi ya kuwachezesha watoto wote wa mji, ila kila siku limejaa viti vya hotuba. Hajj Farghali, chukua viti vyako, vinahitajika kwenye matanga." Hajj Farghali: "Nilikuwa naona haya kuviomba." Viti vinakunjwa. Mheshimiwa Kaimu Naibu anabeba chake mwenyewe.)

Kwa mujibu wa kanuni, ua la kituo limetengwa kwa ajili ya sherehe za kitaifa na

("Mutawalli, hamisha meza hiyo." Anaihamisha. "Na huo mto. Uweke pale, huo ni mlingoti. Na kiti cha mwakilishi upande huu, ndio mlingoti wa pili. Wewe simama katikati.")

Katikati ya nini?

("Ya goli. Wewe ni kipa." Vicheko, sasa kutoka pande zote. Abla Ibtihal anavua viatu vya visigino, anapiga magoti mbele ya watoto. "Nani ana mpira wake? Haya, kila mtu aukanyage polepole kama anaamsha paka. Mguu huu. Sasa mguu ule. Ikimbizeni mnakotaka, msigongane. Anayetaka kula mchanga ale, atarudi." Ua zima linajaa mipira ya soksi. Sheikh anasogeza kilemba chake pembeni, mpira mmoja unampita kifuani.)

Waheshimiwa, nikiwa hapa kati ya mto na kiti, na suti yangu ya harusi, naomba nihitimishe kwa kusema kwamba mradi huu mkubwa wa kitaifa, ambao kwa hakika haujapata kuwepo, na ambao hauna uwanja, wala bajeti, wala mihuri, na kwa kweli si mradi wangu, natangaza rasmi kuwa umezin

(Tuqa anapiga. Mpira wa soksi unapita katikati ya miguu ya Ustadhi na kusimama kwenye utepe. Vigelegele.)

umezinduliwa. Ahsanteni.

(Hajja Wagida anaokota mpira, anaugeuza mkononi. "Hizi si soksi za harusi?" "Ndizo, mama," anasema Abla Ibtihal. Hajja Wagida anamrudishia Tuqa. "Mfunge tena," anasema. "Upande wa kushoto haoni.")