Kitambaa Changu Juu ya Bab Zuweila

Jumamosi, 3 Agosti

Shule imekwisha. Nina miaka kumi na minane na daftari jipya. Nimeamua humu niandike ukweli mtupu, kwa kuwa nje ya humu siwezi kusema lolote.

Hali ilivyo: Fundi Gamal ameacha kazi kwa sababu ya macho. Kigoda chake dukani kwa Ami Lutfi, kaka yake Baba, kiko wazi. Duka ni la tatu kutoka mwanzo wa Mtaa wa Mahema, mtaa wa washona mahema yenye maua, linatazamana na Bab Zuweila, lango la kale la Kairo. Nakitaka kigoda kile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Najua kushona. Nakata vipande vya pamba, nakunja ukingo kwa ncha ya sindano, navishonea juu ya turubai mpaka yungiyungi linachanua. Hakuna anayejua isipokuwa Ziyad, mwana wa Ami. Yeye hushonea kule nyuma ya marobota, na kwa miaka miwili ananiletea kazi zake nimmalizie. Malipo ni basbusa, keki tamu ya semolina.

Mama ana mpango mwingine. Jumapili ya wiki ijayo nianze katika duka la dawa la Shangazi Wafaa. Kazi yenyewe: kupokea simu. Kutwa nzima! Watu nisiowajua, wakitaka dawa za mambo nisiyotaka kuyajua. Mama anasema itanifungua mdomo.

Njia rahisi ni kumwambia Ami. Nimejaribu leo. Nilisimama mbele ya duka. Ami akainua macho, akauliza, bintiye ndugu yangu, una neno? Nikasema Mama anauliza ni saa ngapi. Akanitajia. Nikamshukuru.

Njia rahisi imeshindikana.

Jumapili, 4 Agosti

Mpango umepatikana. Ulinijia nikichambua mboga ya molokhia.

Chini ya kitanda changu kuna turubai nililolishona kwa miezi saba. Mita mbili kwa mbili. Mayungiyungi sitini na manne, ya bluu na ya chungwa. Likining'inia juu ya lango, katikati ya ile minara miwili, Ami ataliona bila hata kuinuka. Atauliza ni nani fundi huyu. Mtaa mzima utaulizana. Jibu litatafutwa, litanikuta nimekaa nyumbani kwa adabu, na sitakuwa nimetamka neno.

Zamani walitundikwa watu kwenye lango lile. Turubai haliwezi kuwa kosa kubwa.

Alasiri Ziyad amekuja. Anasema kigoda ni kama chake tayari, baba yake anangoja tu kuona kazi moja safi kutoka kwake. Kisha akaitoa hiyo kazi safi mfukoni, ikiwa nusu, akaniomba niimalize. Ameniita bubu wetu mpendwa.

Nimeimalizia. Ningekataa, lakini kukataa nako kunahitaji maneno.

Jumatatu, 5 Agosti

Siku mbaya.

Nilijizungushia turubai tumboni, nikavaa gauni pana juu yake, nikajifunika uso kwa ushungi wa Mama nisitambulike. Nikaenda kwa mwendo wa taratibu, maana turubai ni zito na Agosti haina huruma.

Langoni kuna mlinzi mpya, Mzee Rizq, amehamishiwa kutoka Minya. Aliponiona aliruka kutoka kitini kwake. Akasema kaa, mama, kaa hapa kivulini. Akanipa chai. Akauliza umefika mwezi wa ngapi.

Ningeweza kusema hili ni turubai. Nikasema wa tisa, kwa sababu ndivyo nilivyoonekana.

Basi ikawa marufuku kupanda. Alisema ngazi za mnara ni nyembamba na zina giza, watalii wanene hukwama, sembuse mimi. Mke wake amezaa saba, kwa hiyo anajua. Akanishauri ninywe uwatu kwa maziwa na nisinyanyue vitu vizito. Akanishika kiwiko mpaka barabarani.

Mzee mwema sana. Nimerudi nyumbani na turubai langu. Nilipolifungua nilikuwa nimelowa jasho kama nguo ya kufulia.

Jumanne, 6 Agosti, mchana

Mafanikio!

Leo nimelitia turubai kwenye gunia la mchele. Ushungi uleule. Mzee Rizq akanitazama tumboni, akanitazama usoni, yaani pale uso unapopaswa kuwa. Akauliza, ina maana umejifungua? Jana ileile?

Nikaitikia kwa kichwa. Akasema wanawake wa Kairo ni chuma. Mtoto gani? Nikasema wa kike. Anaitwaje? Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikasema Rabab. Ndilo jina pekee lililonijia, kwa kuwa ni langu.

Kisha akaliona gunia. Nikanyamaza, akaelewa mwenyewe. Hii ni nadhiri, alisema. Wanawake wa zamani walipigilia misumari kwenye lango hili wakafunga vitambaa, wakiomba watoto. Bibi yake alifanya vivyo hivyo kwenye kaburi la walii kwao Minya, na baba yake akazaliwa. Mwenye nadhiri halipi tiketi, alisema. Akanibebea gunia mpaka kituo cha kwanza cha ngazi. Yeye aliyenikataza kunyanyua vitu vizito alinifuata nyuma akihema kwa niaba yangu.

Juu kuna upepo. Nikafunga kamba nne kwenye chuma cha kizuizi. Nikateremsha turubai. Nikainama kulitazama, mayungiyungi yote sitini na manne yakanitazama. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile, na nilikishona mimi.

Nimerudi nyumbani kungoja kutafutwa.

Jumanne, jioni

Ziyad amepita akicheka mpaka ameshika ukuta. Anasema kuna mtu ameanika shuka kuukuu juu ya Bab Zuweila. Turubai tupu, limejaa nyuzi.

Nikamuuliza, hakuna maua? Akasema maua gani, bubu.

Ndipo nikaelewa. Nilipokuwa juu niliyaona mayungiyungi vizuri sana. Yalikuwa yamenielekea mimi na ukuta. Mtaa wote umeoneshwa mgongo wa kazi yangu.

Sitaki chakula.

Jumatano, 7 Agosti

Habari zaidi, zote kutoka kwa Ziyad, ambaye leo hacheki.

Jana baada ya watu kucheka, Ami alitoka dukani na gilasi ya chai. Akaweka kiganja juu ya macho, akatazama juu. Chai ikapoa. Akamtuma Ziyad akalishushe. Ami akalilaza magotini, mgongo juu vilevile, na hakuligeuza kwa muda wa robo saa. Alifuata mishono kwa ukucha, mmoja mmoja. Alipoligeuza hatimaye, muuza juisi akasema Mashallah. Ami akasema tu kwamba mishono yote inalalia kushoto.

Ziyad akanusa sifa. Akasema, Baba, ni mimi, nilitaka kukushangaza. Ami akampa sindano na kipande cha kijani, akamwambia ongeza jani moja hapa pembeni. Ziyad akaongeza. Anaapa ni jani. Amenionesha picha kwenye simu. Ni soksi.

Turubai langu sasa lina soksi.

Baadaye akaitwa Mzee Rizq. Akaeleza yote kwa uaminifu: ni mama mmoja mpole, alijifungua juzi, alipanda siku ya pili, na mtoto ni wa kike anaitwa Rabab. Mtaa mzima sasa unahesabu wajawazito. Muuza juisi anasema hajui hata mmoja, na yeye huwa wa kwanza kujua.

Mama alisikia hayo akikata vitunguu. Akasema Rabab ni jina zuri. Akanitazama. Halafu akautazama ushungi wake kwenye msumari. Nikaenda kuosha vyombo, vikiwemo vilivyokuwa safi.

Alhamisi, 8 Agosti

Ami Lutfi amekuja kula kwetu, na Ziyad. Baba yuko kazini Suez, kwa hiyo Ami alikaa mahali pake.

Alisema kuna jambo linamshangaza. Kwa miaka miwili kazi mbaya za Ziyad zote zinalalia kulia na kazi nzuri zote zinalalia kushoto. Kana kwamba mwanawe ana mikono ya watu wawili. Ziyad akapaliwa na wali. Mama akampiga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Kisha Ami akasema, akiitazama kachumbari, kwamba yeye hatafuti mtu. "Aliyeshona aje mwenyewe Jumamosi saa nne. Aniambie kwa mdomo wake maneno mawili tu: ni mimi. Kigoda kinamngoja. Fundi anakaa mbele, anaongea na wateja, anabishana na wauza vitambaa. Asiyeweza kusema maneno mawili hataweza hayo. Asipotokea, kigoda nampa Ziyad, na Mungu atusaidie."

Akaniomba nimpe mkate. Nikampa kwa mkono wa kulia, kwa uangalifu mkubwa. Mimi hula kwa kulia kama watu wote. Kushoto ni kwa sindano tu.

Nimemchunguza muda wote. Hajui kabisa kuwa ni mimi. Yuko mbali sana na ukweli.

Amesahau subana yake mezani, ile kofia ya chuma ya kuvaa kidoleni mtu anaposhona. Mpya kabisa. Nimeijaribu, inanikaa sawasawa, kwa Ami haivuki hata ukucha. Sijui alinunua ya nini. Masikini, umri unaanza kumchezea.

Mama alipofunga mlango alisema, "Rabab, maneno mawili, mwanangu." Nikasema ndiyo, ni machache.

Ijumaa, 9 Agosti

Mazoezi mbele ya kioo. Ni mimi. Ni mimi. Nimefika mara arobaini, kwa sauti ya kusikika. Mama akachungulia mlangoni akauliza, nani anaongea humu?

Nikasema, si mimi.

Mpango mpya unahitajika. Nina shuka jeupe, kitambaa chekundu na siku nzima.

Jumamosi, 10 Agosti

Naandika haya nikiwa juu ya lango. Nitaeleza kwa mpangilio.

Saa nne kasoro robo nilipita mbele ya duka na gunia la mchele. Leo bila ushungi, Mama ameuficha. Kigoda kilikuwa kitupu, kimefutwa vumbi. Ziyad alisimama kando yake kama mtu anayesubiri kuvishwa taji. Ami akaacha sindano. Akasema, kwa upole ambao sijausikia tangu nilipougua surua, "Ee, Rabab. Una neno?"

Subana ilikuwa kidoleni mwangu. Mdomo ulikuwa wazi. Naapa ulikuwa wazi.

Nikasema, "Hapana, Ami. Napita tu."

Ami akafumba macho kidogo. Ziyad akavuta kigoda karibu.

Langoni, Mzee Rizq aliitambua sauti yangu niliposalimia, na gunia. Alishangaa kuona kumbe mimi ni binti mdogo. Akauliza, nadhiri nyingine? Mapacha? Nikaitikia kwa kichwa. Akashika kichwa chake kwa mikono miwili, lakini tiketi hakudai.

Nimejifunza kutokana na kosa. Safari hii nilikagua mara tatu kwamba upande mzuri unatazama mtaani. Nikafunga kamba. Nikaachia. Maneno mawili, mekundu juu ya meupe, kila herufi urefu wa mkono wangu: NI MIMI.

Kwanza hakuna aliyeinua macho. Kisha muuza juisi. Kisha wanaume wa duka la kwanza na la pili. Ami akatoka na kiganja juu ya macho. Akasoma. Nikamwona mabega yake yakitikisika, nikaogopa analia. Alikuwa anacheka. Akarudi ndani, akamwondoa Ziyad kwa kiwiko, akatoka na kigoda. Akakiinua juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, katikati ya mtaa, nikione.

Nikainua mkono wenye subana. Wa kushoto.

Kwa hiyo nimekipata. Kigoda ni changu. Nilikuwa sahihi tangu mwanzo: mtu akiwa na mpango mzuri hana haja ya kuzungumza na yeyote.

Limebaki tatizo dogo. Chini ya lango wamejaa. Wanawake wanapiga vigelegele. Mama yupo na Shangazi Wafaa, ambaye ameambiwa kwamba sitapokea simu zake na hakasiriki hata kidogo. Ami ameweka kigoda pale pale chini ya ngazi, anasema kwa sauti ya mtaa mzima kwamba atanipokea nikishatamka yale maneno mawili mbele ya watu, maana mashuka hayauzi mahema. Muuza juisi ananiandalia gilasi ya miwa.

Mzee Rizq amepanda mara mbili kuniambia kwamba ngazi ziko palepale nilipoziacha. Nimemwambia nasubiri watu wapungue. Hawapungui. Wanaongezeka.

Lakini lango lina upande wa nyuma, na huko hakuna mtu. Nina gunia tupu la mchele. Nina kamba nne za lile shuka, nzima kabisa.

Nina mpango.